Msalaba wa Mama Nyuma ya Pikipiki

Kati ya Makambako na Njombe wapo madereva ambao hawawezi kuendesha mpaka wawe na kitu cha kukodolea macho karibu na kioo. Kwa miaka kadhaa kitu hicho nilikuwa mimi. Sijui niliwakosea nini. Barabara ni ya lami, pembeni kuna mashamba ya mipaina na milima ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuiangalia, lakini wao waliamua kuangalia mgongo wangu.

Kazi yangu ni ufundi wa cherehani. Sishoni. Watu wakisikia neno cherehani wananiletea suruali za kupunguza, nami nawarudishia. Natengeneza mashine zenyewe, zile nyeusi za kukanyaga kwa miguu, na wateja wangu wametawanyika kuanzia stendi ya Makambako hadi vichochoro vya soko la Njombe. Cherehani ikikwama juma la kipaimara, fundi nguo anapiga simu kwa sauti ya mtu aliyefiwa, na huwezi kumwambia asubiri mpaka gari la abiria lijae. Ndiyo maana nina pikipiki. Nyuma nimefunga boksi la spana, na hapo nyuma ya boksi ndipo bampa za watu zilipokuwa zinaishi.

Mbaya kuliko wote alikuwa dereva mmoja wa lori la mbao, lori la bluu lenye kioo kilichopasuka pembeni. Huyo alikuwa akiniganda tangu mzani wa Makambako, kiasi kwamba niliyajua maandishi ya kwenye bampa yake kinyumenyume, jinsi yanavyoonekana kwenye saidimira. Siku moja nilimkuta kwenye mgahawa anakunywa chai ya maziwa, nikamwendea na helmeti yangu mkononi.

"Kaka, mbona unanibana hivyo barabarani?"

Akanitazama kwa huruma. "Dada, mimi nakulinda. Nikikaa mbali, wengine wataingia katikati."

Alikuwa anamaanisha. Akanikaribisha chapati.

Nilijaribu kila njia ambayo mtu mwenye hasira na cherehani nyingi za kufanyia majaribio angejaribu. Nilichukua jaketi langu la kung'aa, nikalishona mgongoni kwa uzi mwekundu: KAA MBALI. Nililisifia mwenyewe. Kumbe herufi zilikuwa ndogo, na madereva wakawa wanasogea ili wasome. Mmoja alisogea, akasoma, akapiga honi kuniambia kwamba ameelewa. Nikaweka alama nyekundu ya mwanafunzi, ile ya gari la kujifunzia, wakazidi kunipigia honi na kunipungia mikono ya kunitia moyo. Nikafunga trei tupu ya mayai juu ya boksi, nikidhani hakuna anayependa kugonga mayai. Fuso moja ilinifuata hadi kwenye geti la mteja, utingo akashuka kuniuliza nauza trei kwa jumla au rejareja.

Ningeweza kuyacheka yote hayo kama si mama.

Mama yangu tulikuwa tunaishi naye, mimi na yeye, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma upande wa pili wa barabara kuu, kabla hujaingia Njombe. Tulikuwa watoto wawili. Kaka yangu aligongwa kwa nyuma kwenye barabara hiyohiyo, akiwa na pikipiki, na gari lililokuwa limemkaribia mno. Dereva alisema hakumwona. Mama hakupinga wala kulia mbele ya watu, ila tangu siku ile hakuwahi kula chakula cha jioni mpaka asikie pikipiki yangu inakata kona ya kuingia nyumbani. Ugali ungepoa, mboga ingeganda mafuta, yeye amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, ameinamisha kichwa anasikiliza. Nilimwambia atakonda. Akasema akonde.

Siku tulipomzika kaka, msalaba ulichelewa. Seremala alikuwa na kazi nyingi. Tukasimama kaburini na baridi ile ya mwezi wa saba, mchungaji ameshamaliza kila kitu, kwaya imerudia wimbo mpaka sauti zikawa nzito, na mwishowe wanaume wakakata vijiti viwili vya muwati wakavifunga kwa kamba ya katani. Mama aliviangalia vile vijiti. Njiani kurudi nyumbani akaniambia maneno ambayo aliyarudia kila mwaka, kwa sauti ya mtu anayepanga foleni ya maji: "Sasa nafuata mimi. Nimeshazika mmoja. Sitazika mwingine. Uza hiyo pikipiki au uitunze, lakini mimi ndiye ninayefuata."

Pikipiki sikuiuza. Bila hiyo tusingekula. Basi mama akaenda hatua nyingine, ya kwake mwenyewe. Akaagiza msalaba wake.

Aliuagiza kwa simu, kwa seremala wa Makambako mwenye banda kando ya barabara, kama watu wanavyoagiza kabati. Mimi nikatumwa kuuchukua. Nilimkuta seremala ameshaupaka rangi nyeupe, ameandika jina lote la mama kwa rangi nyeusi, na chini yake KUZALIWA. Mama hakuijua tarehe yake, aliijua Pasaka tu na kwamba mahindi yalikuwa yamebeba, kwa hiyo seremala alikuwa ameandika mwaka wa kukadiria na neno PASAKA. Chini zaidi aliandika KUFARIKI, kisha akasimama na brashi mkononi akinisubiri.

"Dada, pole sana. Hapa niweke lini?"

"Bado."

"Bado hamjapanga?"

"Bado hajafa."

Akautazama msalaba, akanitazama mimi. "Basi niache nafasi ya kutosha," akasema, na kweli aliacha nafasi ya kutosha.

Tatizo likawa kuubeba. Ukiulaza kwa kukingama, mikono yake ingewafyeka waenda kwa miguu wote mpaka Njombe. Seremala akashauri usimame. Tukausimamisha nyuma ya boksi, tukaufunga kwa mipira ya tyubu mpaka ukawa hautikisiki, maandishi yakiwa yameelekea nyuma. Nilipopanda nikausikia mgongoni, mrefu kuliko mimi, umekunjua mikono. Nikawasha pikipiki.

Lori la bluu lilinikuta kabla sijamaliza nyumba za mwisho za mji. Nililisikia likija na mlio wake ule wa kifua kibovu, nikajikaza kisabuni kama siku zote, mabega juu, meno yamebana. Halafu mlio ukapungua. Nikaangalia saidimira. Lori lilikuwa limerudi nyuma, mbali, mbali kabisa, na taa zimeshushwa. Nikadhani limeharibika. Basi la abiria likatokea, likasogea, na ghafla nalo likalegea. Muziki uliokuwa unasikika mpaka nje ukazimwa. Kwenye kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi, wanaume wawili walisimama na kuvua kofia, mmoja akamshika mwenzake asianguke. Trafiki aliyekuwa ananyoosha mkono kusimamisha pikipiki akaugeuza ule mkono katikati ya safari ukawa wa kunipisha.

Njia nzima hakuna aliyenipita wala kunibana. Kwa mara ya kwanza tangu ninunue ile pikipiki niliisikia injini yangu mwenyewe, na kumbe ilikuwa na mlio mzuri. Nilifika nyumbani nimefurahi mpaka nikaona aibu kidogo.

Mama aliukagua msalaba kwa kidole, herufi kwa herufi. Akasema mstari wa jina umepanda kilima kidogo lakini si neno. Akataka tuuingize uvunguni.

"Rangi haijakauka, mama," nikamwambia. "Inahitaji upepo."

"Upepo si upo hapa nje?"

"Wa Makambako ni mkavu zaidi."

Mama si mjinga. Alinitazama, kisha akatazama pikipiki, kisha msalaba. Akasema, "Basi uende nao ukaukaushe." Kesho yake jioni, niliporudi, nilikuta ameanza kula bila kunisubiri. Si chakula chote, alikuwa ameonja viazi viwili, lakini ameonja.

Hivyo ndivyo msalaba wa mama yangu ulivyoanza kwenda kazini nami. Ulikauka kwa majuma mengi. Nikiwa ndani natengeneza mashine ya mteja, wenyewe ulisimama nje kwenye pikipiki, na watu waliokuwa wanapita walipunguza sauti. Mafundi nguo wakawa wananipa pole. Mwanzoni nilijaribu kueleza. Ukieleza kwamba mama yuko hai, ila ameagiza msalaba mapema kwa sababu ya kuchelewa kwa ule wa kaka, na kwamba wewe unatembea nao kwa ajili ya malori, unamaliza chai ya mtu na bado haelewi. Nikaacha. Mtu akisema "pole na msiba," nikawa najibu, "Tunamshukuru Mungu." Hilo jibu halina uongo ndani yake, hata leo sijaona uongo wake.

Kitu nilichosahau ni watu wa kwetu. Huku ukikutana na msalaba njiani huupiti. Msalaba unatangulia, wengine wanafuata, na kama unaelekea njia moja na una nafasi, unafuata hata kama humjui marehemu, unasindikiza, unashuka, unakaa kidogo na wafiwa, ndiyo uendelee na safari zako. Na huulizi maswali. Hakuna mtu aliyelelewa vizuri atakayemsogelea mfiwa na kumwuliza nani amekufa na kwa nini. Nilikuwa nimewatoa mgongoni madereva wabaya. Sikuwa nimewafikiria wale wema.

Ilikuwa Jumamosi, mchana wenye ukungu. Nilitoka Makambako na msalaba wangu, nimetengeneza mashine ngumu, nina raha zangu. Nyuma yangu kukawa na pikapu nyeupe. Ikakaa mbali, nikaishukuru. Baada ya kona nikaona imewasha hazadi, zile taa za tahadhari. Nikadhani ina tatizo. Kona iliyofuata, nyuma ya pikapu kulikuwa na kosta ya wanakwaya, nayo imewasha hazadi. Nyuma ya kosta, kwenye ukungu, taa mbili nilizozifahamu vizuri: lori la bluu. Nalo hazadi.

Nikaongeza mwendo, wakaongeza. Nikapunguza, wakapunguza. Nikaingia kwenye bega la barabara nikasimama kabisa, nikapunga mkono wapite. Wakaingia kwenye bega la barabara mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio mzuri, wakasimama. Dirisha la kosta likafunguliwa na wimbo ukaanza, taratibu, sauti ya pili ikiwa imetangulia. Fuso ya viazi iliyokuwa inatoka mbele ikasimama upande wake wa barabara, dereva akavua kofia. Nikapanda pikipiki nikaondoka haraka, na msafara wote ukaondoka na mimi.

Sijawahi kufukuzwa kwa upole namna ile. Damu ilikuwa inanichemka, na sikuwa na mtu wa kumgombeza, kwa sababu kila mmoja alikuwa anafanya kile nilichokuwa nimewaomba kwa miaka yote: kukaa mbali.

Nikaingia kwenye kituo cha mafuta ingawa tenki lilikuwa limejaa. Nao wakaingia wote, wakajipanga mpaka mhudumu akajificha nyuma ya pampu. Kutoka kwenye pikapu akashuka mzee mwenye tai na koti zito, mzee wa kanisa kuanzia kichwani hadi miguuni, akanijia ameshika kofia kifuani.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Tunaingilia upande gani?"

"Baba, hakuna msiba."

Akafumba macho, akatikisa kichwa polepole. "Najua. Na sisi tulipompoteza mama yetu, dada yangu alisema hivyohivyo, mpaka siku ya tatu."

"Mama yangu yupo nyumbani. Anachambua maharage."

"Yupo," akasema, na macho yake yakajaa machozi. "Kwa namna fulani yupo."

Akaenda nyuma akausoma msalaba, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu alilijua lile jina. Waliwahi kuwa na mama kwenye kamati moja ya ujenzi wa kanisa. Akashika kichwa. Akarudi kwa wanakwaya akawaambia kitu, wakaanza kushuka. Nikamsikia akisema nimechanganyikiwa na si vizuri niendeshe mwenyewe. Mwanamke mmoja wa kwaya, aliyesema kwamba wanatokea Mlangali na walikwenda Makambako kuimba, akanishika mkono akaniomba niingie kwenye kosta, mmoja wa vijana wa sauti ya nne ataileta pikipiki. Nikakataa. Nikakataa kwa sauti kubwa, jambo ambalo halikusaidia. Wakatazamana. Dereva wa lori la bluu alikuwa amesimama pembeni ya tairi lake, kofia mkononi, anayatazama maandishi ya jaketi langu. Sidhani kama aliwahi kuyasoma vizuri kabla ya siku ile.

Wakati tunavutana pale, yule mzee alikuwa amejitenga na simu. Alikuwa na namba ya mama tangu siku zile za kamati, na alijua simu ya marehemu hushikwa na ndugu. Alitaka kuwaandaa watu wa nyumbani. Yaliyosemwa niliyapata baadaye kutoka pande zote mbili. Simu ikapokelewa na mama. Mtandao ulikuwa unakatakata. Mzee akasema pole na msiba, akasema tupo hapa kwenye kituo cha mafuta, sisi wasamaria tu, tunauleta msalaba nyumbani. Hakutaja nani amekufa. Mtu aliyelelewa vizuri hatamki. Na mama, aliyelelewa na watu walewale, hakuuliza. Mtandao ukakatika.

Mimi sikujua. Simu yangu ilikuwa ndani ya boksi chini ya spana, mama akinipigia nayo ikiita na kuita, na sikuisikia kwa sababu ya pikipiki na kwaya. Nilichofanya ni kuamua kwamba dawa pekee ni kuwapeleka wakamwone mama kwa macho yao. Nikatoka pale nikawaongoza. Kwa kweli nilianza kucheka ndani ya helmeti. Nilijiona na msafara wangu, hazadi zote zinapepesa kwenye ukungu, kwaya ya Mlangali inaimba, nawapeleka watu wote hawa kwa mwanamke anayechambua maharage, na nikaanza kupanga jinsi nitakavyomsimulia, nitaanzia wapi, wapi atacheka.

Nilimwona kabla sijafika kwenye kona ya nyumbani. Alikuwa barabarani, katikati ya lami. Hakuwa na viatu. Kanga moja ilikuwa imemwanguka begani inaburuza, na alikuwa anakimbia kuja upande wetu, mama yangu ambaye hata kanisani huenda kwa fimbo. Alikuwa hatazami pikipiki. Alikuwa anatazama nyuma yangu, magari yale, anatafuta ni gari lipi lililonibeba.

Hapo ndipo nikaelewa. Msalaba ulitoka asubuhi na mimi. Kama watu wengine ndio wanaourudisha, basi kwa mama mimi nimekufa.

Nikazima pikipiki nikaiacha ianguke ilivyotaka. Nikavua helmeti, nikaita. Hakunisikia mara ya kwanza. Nikamshika mabega, akataka kunipita, akasema, "Niacheni nimwone." Nikamwambia, "Mama, ni mimi. Mama." Akanitazama. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akanishika masikio, shingo, akaninusa kichwa. Mikono yake ilikuwa na vumbi la maharage. Kisha akanipiga kofi moja, si kubwa, akanikumbatia, na nikamsikia akilia kwa mara ya kwanza tangu kaka afe, kilio cha miaka yote ile kimetoka kwa pamoja. Nami nikalia. Niliogopa sana. Nilikuwa nimeuchukua msalaba wake ili nisimwogopeshe, na nikamtia hofu kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

Nyuma yetu wanakwaya walikuwa wameshuka, na walipoona mfiwa amepokewa kwa kilio, kama inavyotakiwa, wakaanza ubeti wa pili.

Yule mzee mwenye tai alikuja mbele kutoa pole. Akamwona mama. Nilimwona akiangalia msalaba ulioanguka na pikipiki, akaliangalia jina, akamwangalia mwenye jina. Tai ikapanda na kushuka. "Kamwene," akasalimia mwishowe, kwa Kibena, kwa sauti ndogo sana.

"Kamwene," mama akajibu, akijifuta pua kwa kanga. "Umezeeka."

Kwaya ikanyamaza, sauti moja moja, ya nne ikiwa ya mwisho.

Unadhani wangeondoka. Hawakuondoka. Msiba haupo, lakini watu wamefika, na watu wakifika kwako hawarudi na njaa. Mama akaokota kanga yake, akanyoosha mgongo, akasema karibuni. Maharage aliyokuwa akiyachambua yakatosha nusu yao, majirani walioitikia kilio wakaja na viazi, na mchana ule ukafanyika ule msiba usio na marehemu, wanaume nje kwenye moto, wanawake jikoni. Kila mgeni mpya alipokewa na mama mwenyewe mlangoni, akapewa muda wa kushtuka, akapewa sahani. Bibi mmoja wa jirani alilia kidogo hata hivyo, akasema hawezi kupoteza safari. Mama akawaomba wanakwaya waimbe wimbo wote walioukatisha, kwa kuwa huenda siku yenyewe asiusikie. Walipomaliza akawaambia sauti ya pili inatangulia. Wakakubali kwamba ni tatizo lao la siku nyingi.

Dereva wa lori la bluu alikuwa amekaa juu ya tofali na sahani magotini, anakula ameinamisha kichwa. Mama akaenda akasimama mbele yake.

"Wewe ndiye unayempumulia mwanangu mgongoni?"

Akaweka kijiko chini. "Mama, mimi nilikuwa namlinda."

"Mwanangu wa kwanza aligongwa na mtu aliyekuwa karibu namna hiyo."

Dereva alikuwa mtu mzima, ana mvi mbili tatu za kidevuni, na aliishika sahani kwa mikono yote miwili.

"Leo ulikaa umbali gani?" mama akauliza.

Akatazama huku na huku, akapima kwa macho. "Kama kutoka hapa mpaka lile zizi la ng'ombe. Na zaidi kidogo."

"Basi kaa hapohapo mpaka nife," mama akasema, akamwongezea maharage.

Waliondoka jua likiwa bado lipo. Yule mzee wa pikapu alikuwa wa mwisho. Alimwomba mama radhi mara nyingi hadi mama akamwambia aache, maana anamchosha. Tukabaki wawili na lundo la sahani. Nikauokota msalaba. Mkono mmoja ulikuwa umekwaruzwa na lami, rangi imetoka kidogo. Nikaupangusa, nikauingiza uvunguni kwa mama, nikaufunika na gunia. Nilikuwa nimeona aibu ya kunitosha. Nikamwambia Jumatatu nitakwenda kazini mikono mitupu, na kama lori litanibana, litanibana.

Mama alikuwa anakula. Alikula sahani nzima.

Jumatatu asubuhi nilitoka na boksi langu la spana nikamkuta nje, kwenye baridi, amevaa sweta la kaka. Alikuwa ameuegemeza msalaba kwenye pikipiki na ameshika mipira ya tyubu. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma mkono. Aliufunga mwenyewe, akazungusha mpira, akavuta kwa goti, akautikisa kuona kama unacheza. Haukucheza. Kisha akaweka kidole pale chini ya neno KUFARIKI, kwenye ile nafasi ambayo seremala aliiacha, akaifuta umande kwa ncha ya sweta.

"Mimi ndiye ninayetangulia," akasema. "Hata nikichelewa, unisubiri."

Nikamwambia nitamsubiri.